Barabara ya Mkopo Hulipwa na Nani?

NENO LA JUMA HILI
Na Mpita Njia



Juma lililopita nilikuwa nimeketi kando ya barabara kuu hapa Lugulu, karibu na njia iendayo hospitali ya misheni ya Marafiki, nikingoja gari la kwenda Kitale. Palikuwapo wazee watatu na kijana mmoja, karani wa chama cha ushirika. Lori lenye tela likapita mbele yetu, limejaa magunia ya mahindi, likielekea Webuye. Mzee mmoja akalitazama mpaka likapotea, kisha akasema, "Tuwashukuru wageni. Wametengeneza barabara nchini mwetu bure."

Yule karani akainama kidogo kwa adabu, akajibu, "Niwie radhi, Mzee. Barabara nyingi kubwa si za bure. Zimejengwa kwa fedha za kukopa."

Mzee akacheka. "Mwanangu, mimi sijatia dole gumba katika karatasi ya deni la mtu yeyote."

"Hukutia, Mzee," akasema karani, "lakini unalipa kila siku."

Gari likafika, mazungumzo yakakatika. Lakini maneno yale yalinifuata mpaka Kitale. Nimeona yafaa kuyaeleza hapa, kwa maana mtu asiyejua kwamba anadaiwa hawezi kuuliza kama alichonunuliwa kinalingana na bei yake.

Kukopa si jambo geni

Wako watu wanaodhani kwamba nchi yetu ilianza kukopa juzi tu. Sivyo. Mwaka 1921 Serikali ya Koloni ya Kenya ilikopa paundi milioni 5 katika soko la fedha la London, kwa riba ya asilimia 6. Fedha zile zilikusudiwa hasa reli ya Uasin Gishu na gati za Kilindini. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi la Kitale likamalizika mwaka 1926. Ndiyo reli ile ile iliyopita Webuye na Bungoma kuelekea Uganda.

Reli hiyo ilileta faida, wala hatuna sababu ya kukana. Lakini njia yake ilipita kwanza katika mashamba makubwa ya walowezi, na ndio waliofaidi mapema. Babu zetu walilipa kodi ya nyumba kwa kila nyumba waliyokuwa nayo, na hakuna aliyewauliza reli ipite wapi wala deni liwe la masharti gani. Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Deni lilikuwa limekwisha kuandikwa zaidi ya miaka 20 kabla yake.

Baadaye Benki ya Dunia nayo ikaingia. Mwaka 1955 iliikopesha Afrika Mashariki dola milioni 24 kwa ajili ya reli na bandari. Mwaka 1960 iliikopesha Kenya dola milioni 5.6 kwa ajili ya kilimo cha Waafrika na barabara. Mkulima wa wakati ule aliyepata njia ya kufikisha mazao yake sokoni alikuwa amekwisha kuingia katika hesabu ya mkopeshaji, ijapokuwa hakujua.

Mikopo haifanani

Sasa na tutazame jambo lenyewe. Neno "mkopo" ni moja, lakini mikopo ni ya namna nyingi, kama vile shangazi anayekukopesha mbegu si sawa na mwenye duka anayekukopesha unga.

Kwanza ipo mikopo ya masharti nafuu. Mwaka 2004 Benki ya Dunia, kwa kupitia shirika lake linalozihudumia nchi maskini, iliikubalia Kenya dola milioni 207 za kuitengeneza barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea mpaka wa Uganda. Na mwaka 2009 ikaongeza dola milioni 253. Masharti ya kawaida ya shirika hilo mwaka ule wa 2004 yalikuwa kulipa kwa muda wa miaka 40, miaka 10 ya kwanza bila kurudisha mtaji, na ada ya senti 75 kwa kila dola 100 kwa mwaka. Huo ni mkopo wa upole. Lakini tazama urefu wake: mtoto aliyezaliwa hapa Lugulu mwaka 2004 atakuwa mtu wa miaka 40, naye ana watoto wake, kabla deni la namna hiyo halijafutwa.

Pili ipo mikopo ya soko. Mwezi wa Februari 2024 Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kutoka kwa wenye fedha wa ng'ambo, ili ipate kulipa deni lililochukuliwa mwaka 2014. Riba iliyoandikwa katika hati ilikuwa asilimia 9.75. Yaani kwa kila dola 100, riba ya mwaka mmoja ni dola 9 na senti 75. Linganisha na zile senti 75 za mkopo wa upole: ni mara 13.

Basi mtu akikuambia, "Tumepata fedha za barabara," usipige makofi kabla hujauliza ni fedha za namna gani.

Hatari ya fedha za kigeni

Iko hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Mkulima huuza mahindi kwa shilingi na Serikali hutoza kodi kwa shilingi, lakini deni la ng'ambo hulipwa kwa dola au fedha nyingine ya kigeni. Thamani ya shilingi ikishuka, deni hupanda, hata kama hatukukopa senti moja zaidi.

Na tufanye hesabu ya shambani. Tuseme nchi ilikopa dola milioni 1 mwaka 2017, wakati dola moja ilipokuwa karibu shilingi 103. Deni hilo lilikuwa shilingi milioni 103. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Deni lile lile likawa shilingi milioni 160, kabla hata hujataja riba. Kama gunia la mahindi ni shilingi 4,000, mwanzo yalihitajika magunia 25,750. Baadaye yakahitajika magunia 40,000. Barabara haikurefuka hata hatua moja. Ni kweli kwamba baadaye mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi karibu shilingi 130. Lakini malipo yaliyoangukia wakati ule mbaya yalikwisha kulipwa kwa bei ile mbaya.

Kwa hiyo mtu mwenye busara hakopi fedha za kigeni kwa jambo lisiloongeza mazao wala biashara. Barabara itakayopeleka kahawa, chai au maua ng'ambo husaidia kuleta dola za kulipia deni lake. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya fahari tu haileti chochote ila kivuli cha mkopeshaji.

Mfano wa Suam

Tusiende mbali kutafuta mfano. Mwezi wa Machi 2017, Benki ya Maendeleo ya Afrika, yenye makao yake makuu Abidjan, ilikubali kutoa dola milioni 253 kwa Kenya na Uganda pamoja. Kazi ilikuwa kutia lami kilomita 73 toka Kapchorwa hadi Suam upande wa Uganda, na kilomita 45 toka Suam kupitia Endebess hadi Kitale upande wetu, pamoja na barabara ya kilomita 32 ya kuuzunguka mji wa Eldoret.

Wale wanaoijua njia ya Suam ya zamani wanakumbuka jinsi ilivyokuwa wakati wa mvua. Udongo wa Mlima Elgon ni mwema kwa mahindi lakini ni adui wa magurudumu. Gari likizama, abiria walishuka kusukuma, na aliyekuwa na mgonjwa alimbeba. Mkulima wa ng'ambo ya mpaka aliyekuwa na viazi au ndizi alilazimika kuuza kwa bei aliyopewa na mwenye lori, kwa sababu mwenye lori ndiye peke yake aliyethubutu kufika. Njia mbaya ni kodi isiyoandikwa: humtoza mkulima kila msimu, wala hapati risiti.

Hiyo ndiyo hoja njema ya mkopo wa barabara. Kama lami inapunguza nauli ya gunia, inaleta wanunuzi wengi badala ya mmoja, na kumfikisha mama mja mzito hospitalini kabla ya saa mbaya, basi deni linaweza kujilipa. Lakini neno langu ni "linaweza". Halijilipi lenyewe. Mkulima akipata barabara na asiongeze mazao, na wanunuzi wakapatana kumpunja kama zamani, faida itakwenda kwa wenye magari, na deni litabaki kwa watu wote.

Fundisho la njia ya Lodwar

Sasa na tuitazame barabara nyingine iliyoanzia Kitale. Katika miaka ya 1980 nchi ya Norway ilisaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale kwenda Lodwar. Hiyo haikuwa mkopo, ilikuwa msaada. Watu walisafiri kwa furaha. Lakini mwaka 1990 Kenya na Norway zilikatiana uhusiano wa kibalozi, na msaada ukakoma. Miaka ikapita. Jua kali, mafuriko ya mito ya mchanga, malori mazito, na uchache wa matengenezo vikaila ile lami kipande kwa kipande, hata mahali pengine madereva wakawa wanaiacha barabara na kupita porini kando yake, kwa maana pori lilikuwa afadhali.

Ndipo mwaka 2015 Benki ya Dunia ikakubali kuikopesha Kenya dola milioni 500 kwa kazi za upande huo wa kaskazini magharibi. Kazi kubwa katika hizo ilikuwa kujenga upya barabara itokayo Lokichar kupitia Lodwar hadi Nadapal, mpakani mwa Sudani Kusini, karibu kilomita 300. Angalieni vizuri, wasomaji: kilichoanza kama zawadi, kwa kukosa matunzo, kimerudi kwetu kama deni. Wazee walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta umejengwa kwa dola.

Hili ndilo neno ninalotaka msomaji alishike kuliko yote. Deni la barabara laweza kudumu miaka 40, lakini lami isipotunzwa haidumu hata miaka 15. Barabara ikifa kabla ya deni lake, mtoto wa mkulima atalipa barabara mbili: ile iliyokufa na ile inayojengwa badala yake.

Wewe unalipa wapi?

Turudi kwa yule mzee aliyesema hakutia dole gumba. Deni la ng'ambo hulipwa kutoka katika mfuko mkuu wa Serikali, nao hujazwa kwa kodi: kodi ya mshahara wa karani, kodi ya bidhaa dukani, ushuru wa vitu vitokavyo ng'ambo. Mzee akinunua sabuni, analipa. Akinunua soda ya mgeni, analipa.

Matunzo ya barabara yana mfuko wake mbali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kila lita ya petroli au dizeli hutozwa fedha kwa ajili ya mfuko huo. Zamani ilikuwa shilingi 18. Mwezi wa Julai 2024 ikapandishwa kuwa shilingi 25. Lori likijaza lita 100 pale Webuye, shilingi 2,500 zimekwenda katika mfuko wa barabara. Mwenye lori hazitoi katika mali yake. Huziingiza katika nauli ya gunia. Mwenye trekta naye huziingiza katika bei ya kulima ekari.

Tena yafaa mjue kwamba mwaka 2025 Serikali ilitoa shilingi 7 katika hizo 25 ziwe dhamana, ili ipate fedha kwa haraka za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai karibu shilingi bilioni 175. Makandarasi wana haki ya kulipwa; wengi walikuwa wameacha kazi katikati na mitambo imelala. Lakini fedha zilizowekwa kwa matunzo ya kesho zimetumika kulipa kazi ya jana. Mtu akiuza maziwa ya mwaka ujao ili alipe deni la mwaka jana, hafanyi kosa la jinai. Ila sharti ajue kwamba mwaka ujao kikombe hakitajaa.

Iko njia ya tatu, ya kumwachia mwenye fedha ajenge barabara na kuwatoza wapitao. Ndivyo ilivyo barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mwezi wa Novemba 2025 Serikali ilizindua kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit kwa mpango wa namna hiyo. Mahindi yetu yaendayo Nairobi hupita huko, kwa hiyo hesabu ya nauli inatuhusu sisi wa Lugulu kama inavyowahusu watu wa Naivasha.

Yatupasayo kufanya

Msomaji ataniuliza, "Basi tufanye nini? Sisi si Mawaziri." Ni kweli, lakini hatuko tena katika hali ya mwaka 1921. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 211, inasema kwamba Bunge likipitisha azimio la kutaka habari za mkopo wowote, Waziri wa Fedha hana budi kuzitoa mbele ya kamati katika muda wa siku 7: deni ni kiasi gani, fedha zimetumika vipi, na mpango wa kulipa ukoje. Nacho kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Babu zetu hawakuwa na haki hizo. Sisi tunazo, na aghalabu tunaziacha zilale.

Kwa hiyo Mbunge akija mkutanoni kutuahidi lami, tusiulize tu, "Itaanza lini?" Tumwulize maneno manne. Fedha ni za nani, na riba ni kiasi gani? Deni ni la fedha gani, na litakwisha mwaka gani? Barabara hiyo itapunguza gharama ya nani? Na baada ya mkandarasi kuondoka, ni fungu gani limewekwa la kuitunza? Mbunge mwema hataudhika. Atakayeudhika ametuonyesha jambo.

Tena tuna wajibu wetu wenyewe. Mizani ya Webuye haikuwekwa ili kuwasumbua watu. Wahandisi wamepima wakaona kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka kama mara 16. Mwenye lori anayemhonga mtu ili apite na uzito wa haramu amechukua barabara ya jirani zake na kuiweka mfukoni. Vivyo hivyo mtu anayeziba mfereji ili afanye njia ya kuingia shambani mwake, maana adui mkubwa wa lami ni maji yaliyokosa pa kwenda. Vivyo hivyo na anayeng'oa vyuma vya kingo za daraja na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mkopeshaji hatapunguza deni kwa sababu tumeiba kingo.

Nilipokuwa nikirudi kutoka Kitale, nilimkuta yule mzee pale pale, jua linakaribia kutua. Nikamweleza kwa kifupi haya niliyoyaandika. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama mfereji ulio mbele ya duka. Ulikuwa umejaa takataka na maganda ya miwa.

"Kumbe huu mfereji ni wangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Ni wako, na umekwisha kuulipia."

Hakujibu. Lakini juzi nilipopita tena niliona mtaro ule umezibuliwa, na maji ya mvua ya usiku yamepita bila kugusa lami. Sikuuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi tukiitunza harusi yenyewe, huenda matanga yakapungua. Hadi juma lijalo, kwaherini.